Muhuri Namba 47

Pasua, Moshi
Simu ya ofisi: 50944
Jumatatu, 18 Januari 1999

Mdogo wangu Eliamini,

Gladness amepata kazi nje ya nchi. Aliyesema ni yeye mwenyewe, jana baada ya ibada, akiwa amesimama mlangoni kwangu na barua ya ajira mkononi. Ni shirika la misaada lenye ofisi Nairobi. Wanampeleka kwenye hospitali ya mahema katika nchi yenye vita, kwa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 15 Februari. Jina la nchi ninalijua, ila shirika limemkataza kulitaja kwenye barua, nami sitalitaja. Ile barua ya ajira nimeisoma mara tatu, kama ninavyosoma taarifa ya polisi kabla sijaituma gazetini. Sikuona pa kushika.

Nilimwuliza kwa nini asibaki kuuguza hapa hapa. Akasema, "Mama, wewe umeandika vidonda vya watu miaka kumi na minane. Niache mimi nikavifunge." Ndiye mtoto wangu wa pekee, na unajua nilivyomlea tangu baba yake afariki.

Baba yuko Machame, hajambo kwa miaka yake themanini na minne. Kahawa ndiyo haijambo kwa jina tu. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, bei inategemea umegonga mlango gani. Dawa ya mrututu ya kupulizia mibuni, ambayo zamani tuliletewa na chama cha ushirika, sasa kila mtu anajitafutia dukani Bomang'ombe. Ugonjwa wa chulebuni umekula nusu ya shamba.

Ile kalenda yako ya mwaka 1983, yenye picha ya ndege ikipita chini juu ya vilima, Baba bado ameitundika ukutani juu ya bomba lake la kupulizia. Wiki iliyopita alikuja bwana shamba, Baba akamwonyesha. "Mwanangu ndiye anayetengeneza matangi yake ya dawa. Siku wakituletea moja tu, Machame yote inapuliziwa kabla ya chai." Bwana shamba akaitazama sana. "Mzee, hii ikipita hapa mibuni itang'oka na mizizi." Wakacheka wote wawili. Baba anauliza tangi moja linachukua dawa lita ngapi. Mjibu mwenyewe.

Dada yako,
Elinipendo


Uingereza
9 Februari 1999

Dada Elinipendo, shikamoo.

Mpe Gladness hongera zangu na anwani yangu. Aniandikie akifika.

Kiwandani tumebaki wachache. Mwaka jana walipunguza watu mia nne. Mimi bado ni mkaguzi. Kila tangi likitoka kwa walehemuji nalijaza hewa, natafuta pale linapovuja, nikiridhika nalipiga muhuri wangu. Muhuri ni uleule tangu mwaka 1979, 47 ndani ya duara, huu ninaoupiga mwisho wa barua zangu ili Baba ajue kwamba barua nayo imekaguliwa.

Mwambie tangi linachukua lita elfu moja na mia tano.

Mwaka 2001 naweza kustaafu. Nitarudi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Najua wengine wanasema aliye mbali miaka ishirini na mitano hana haki ya nyumba ya baba, ila kitinda mimba wa kiume ni mimi, na mila haijabadilika kwa sababu ya umbali. Mwombe Baba masale yaliyopandwa kuonyesha mpaka wa chini yapunguzwe tu, yasing'olewe. Nataka niyakute.

Mdogo wako,
Eliamini
(47)


Hospitali ya mahema
21 Machi 1999

Mjomba Eliamini, shikamoo.

Ni mimi Gladness. Nimefika salama. Hema la wagonjwa lina vitanda arobaini na wagonjwa sabini. Tuko kando ya mto, nusu kilomita kutoka darajani. Daraja ni hilo moja kwa mwendo wa siku mbili juu na chini, kwa hiyo kila anayekimbia anapita kwetu, na kila anayepigana pia.

Nakuandikia kwa sababu ya tangi. Wiki mbili zilizopita wakulima walituletea kitu walichokiokota kwenye shamba la mtama, kilomita nane kutoka hapa, wamekifunga juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ni kirefu kupita vitanda viwili, kimechongoka ncha zote mbili kama ndizi mshale isiyopinda. Walisema kilianguka siku ndege ilipopita. Hakikulipuka. Walikiogopa siku tatu. Siku ya nne mbuzi akapanda akalala juu yake, ndipo wakakisogelea. Fundi wetu alikitoboa juu, akakifunga bomba chini, na sasa tunakinga maji ya mvua. Kabla ya hapo tulikuwa tunaoshea vidonda maji ya mto.

Mimi ndiye niliyelisugua ndani na nje. Karibu na mfuniko nikakuta muhuri, 47 ndani ya duara. Nilicheka peke yangu kama mwehu, wenzangu wakaniuliza kuna nini, nikasema, "Mjomba wangu amenitumia tangi." Kisha nikaacha kucheka.

Nililinusa, mjomba. Mrututu naujua, nimekua nikimbebea babu ndoo. Tangi hili lilinuka mafuta ya taa. Na huku hakuna mbuni hata mmoja.

Mama sijamwambia. Yeye angeuliza maswali kumi kisha angeandika. Naomba uniambie wewe.

Mpwa wako,
Gladness


Uingereza
20 Aprili 1999

Dada, shikamoo.

Naandika kwa ufupi. Mwite Gladness arudi nyumbani. Sema Baba anaumwa, sema lolote atakalolikubali. Asingoje mwaka uishe, asingoje hata mwisho wa mwezi ujao. Sababu siwezi kuiandika. Kuna karatasi niliisaini nilipoanza kazi. Niamini mara hii moja.

Eliamini
(47)


Pasua, Moshi
Simu ya ofisi: 50944
5 Mei 1999

Eliamini,

Barua yako imefika leo. Nani kasema?

Nakuuliza kama ninavyomwuliza mtu yeyote anayekuja ofisini na habari isiyo na mwenyewe. Unataka nimwondoe mtu mzima wa miaka ishirini na saba kazini, kwa uongo, kwa sababu usiyoweza kuitaja. Baba haumwi. Juzi amekata mkungu wa ndizi na kuubeba mwenyewe hadi jikoni. Nikimwandikia Gladness kwamba babu yake yuko kitandani, atamwuliza mwuguzi yeyote wa Machame, na tangu siku hiyo hataniamini tena.

Mwaka 1994 uliniandikia vivyo hivyo. Gladness alitaka kuja huko kusomea uuguzi, akae kwako. Ulijibu mstari mmoja: asije, sababu siwezi kusema. Nilidhani unatuonea aibu. Mpaka leo sijapata ushahidi wa kunibadilisha.

Nipe jina, au mahali, au tarehe. Kimoja kinatosha. Nitapiga simu Nairobi siku hiyo hiyo. Wao wana redio, ujumbe unafika kule kwa saa moja. Na kama kalamu inaogopa hiyo karatasi yako, namba ya simu ya ofisi iko hapo juu. Nakaa mezani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi.

Elinipendo


Uingereza
20 Mei 1999

Dada Elinipendo, shikamoo.

Sababu ni hii.

Ndege tunayotengeneza haipulizii dawa. Ni ndege ya mashambulizi. Nilipoingia kiwandani mwaka 1974 ilikuwa michoro na kielelezo cha mbao. Walioiagiza walitaka ipite chini, mita sitini juu ya ardhi, usiku au mvuani, rada isiione, ipige na irudi. Inachukua watu wawili. Wa mbele anaiendesha, wa nyuma anafuata ramani na kuachia mabomu. Haikutengenezwa kupigana na ndege nyingine. Imetengenezwa kwa ajili ya viwanja vya ndege, maghala, reli na madaraja.

Iliporuka mara za kwanza ilikuwa na mbio lakini haina pumzi. Injini mbili zinakunywa mafuta, na ikipita chini zinakunywa maradufu. Ilikuwa inafika kwenye shabaha, lakini mafuta ya kurudi hayatoshi. Idara yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuitafutia pumzi. Tulichukua miaka minne. Jibu likawa matangi mawili chini ya mabawa. Yakiisha mafuta, rubani anayadondosha ili awe mwepesi kabla hajapiga. Mimi nakagua hayo matangi. Kwa miaka yote hii nimejiambia kwamba mimi natengeneza chombo cha mafuta tu, na bomu ni la mtu mwingine. Lakini bila tangi langu ndege ile haifiki huko iendako.

Baba aliniuliza mwaka 1979 natengeneza nini. Nikaandika: matangi ya ndege. Akajibu: Mungu asifiwe, ya dawa. Mwaka ule chulebuni ilikuwa imempiga vibaya. Sikumsahihisha. Ile kalenda ilikuwa na maneno chini ya picha. Niliyakata kwa mkasi kabla ya kuituma.

Ndege hii ilikusudiwa kwa vita na Warusi, ambavyo havikutokea. Warusi walipoondoka, oda ziliondoka nao. Kwenu soko huria limeleta wanunuzi wapya wa kahawa. Kwetu limeleta wanunuzi wa ndege ambao zamani wasingepita getini. Serikali ya nchi aliko Gladness, niliyoijua kwa stempu ya barua yake, ilinunua kumi na mbili.

Gladness aliniandikia mwezi Machi. Hospitali yao inakingia maji ya mvua kwenye tangi langu. Liliokotwa kilomita nane kutoka kwao. Kilomita nane kwa ndege ile ni nusu dakika. Mbele ya shamba lile kitu cha kupigwa ni kimoja, daraja, na wao wako nusu kilomita kutoka hapo. Mara ile walighairi, sijui kwa nini. Ndege hii hairuki bila orodha, na kitu hakitoki kwenye orodha mpaka kipigwe.

Uliomba kimoja. Nimekupa vyote. Mtoe.

Eliamini


Pasua, Moshi
Simu ya ofisi: 50944
Alhamisi, 24 Juni 1999

Eliamini,

Daraja lilipigwa Alhamisi tarehe 10 Juni, kumekucha. Aliyesema ni mratibu wa shirika, kwa simu kutoka Nairobi, kesho yake saa tatu asubuhi. Mabomu yalikuwa manne. Mawili yalipiga daraja, moja liliangukia mtoni, moja liliangukia hema la wagonjwa. Waliokufa ni kumi na tisa, kumi na saba kati yao wagonjwa. Gladness yuko hai. Mkono wa kulia umekatwa juu ya kiwiko. Hilo sikuambiwa na mtu. Nimeliona mwenyewe, Nairobi, tarehe 14.

Barua yako ya tarehe 20 Mei niliipokea juzi, tarehe 22 Juni. Haina muhuri wako. Ina muhuri wa posta ya huko kwenu, nao nimeusoma kwa miwani ya Baba: 7 Juni.

Barua zako hufika kwa siku kumi na tano. Ninazo zote, nimelinganisha za miaka mitano. Ungeiposti siku uliyoiandika, ingefika tarehe 4 Juni. Kutoka tarehe 4 mpaka tarehe 10 ni siku sita, na redio ya Nairobi inachukua saa moja.

Nilikuomba chanzo siku uliyoniomba nikuamini. Kosa hilo ni langu na nitalibeba. Siku kumi na nane kati ya kalamu na posta ni zako. Ilikaa wapi?

Simu ya ofisi haijakatwa hata siku moja mwaka huu.

Elinipendo


Machame
30 Agosti 1999

Mjomba,

Naandika kwa kushoto, samahani kwa mwandiko. Najifunza. Barua hii imechukua siku mbili.

Uliniacha bila jibu. Nilingoja kila gari la posta. Mama amenionyesha ulichomwandikia, kwa hiyo sasa najua.

Nilidhani utapenda kujua habari za tangi. Halikuguswa. Hema lilikuwa upande wa pili wa kibanda cha fundi, tangi upande huu. Waliobaki waliniandikia wiki iliyopita. Wamehamia mbali na mto, wamelibeba. Bado halivuji hata tone.

Ulikagua vizuri.

Gladness


Uingereza
26 Septemba 1999

Dada Elinipendo, shikamoo.

Umeuliza ilikaa wapi. Tarehe 21 Mei niliitia mfukoni niende posta baada ya kazi. Getini nikakuta wamebandika orodha ya wanaopunguzwa. Jina langu halikuwemo. Chini yake walikuwa wamebandika upya ile karatasi tuliyosaini: anayetoa habari za oda anashtakiwa na anapoteza kiinua mgongo. Nikairudisha barua ndani, nikaiweka kwenye droo ya muhuri. Kila asubuhi nikifungua droo kuchukua muhuri naiona. Kila asubuhi nikasema kesho. Tarehe 7 Juni redio ikasema mapigano yamefika mtoni. Nikaiposti siku hiyo, nikiwa najua imechelewa.

Simu niliishika mara mbili. Kwenye simu ungeniuliza nani kasema, nami ningelazimika kusema ni mimi, nawe ungenisikia.

Barua ya Gladness nimeisoma. Siwezi kuijibu.

Naomba unifanyie jambo. Kwenye mpaka wa chini kuna masale. Kata jani moja, ulifunge fundo kama wanavyofanya wazee, umpe Gladness kwa niaba yangu. Isale la kuomba msamaha halikataliwi. Ni mila yake kama ilivyo yangu.

Na Baba asiambiwe. Ana miaka themanini na minne. Mwacheni na ndege yake.

Eliamini


Pasua, Moshi
Simu ya ofisi: 50944
Jumatatu, 25 Oktoba 1999

Eliamini,

Kikao cha ukoo kimepangwa. Aliyenijulisha ni Mzee Hosea, mchungaji mstaafu, jana baada ya ibada, na wazee wanne wamethibitisha. Ajenda ni moja, nayo ni wewe.

Umeomba nikate isale nimpe binti yangu. Huo ni uvivu wa mtu aliyekaa mbali. Isale halikataliwi, ndiyo maana halitumwi kwa posta, wala halikatwi na upande uliokosewa. Mkosaji hulileta kwa miguu yake, ametanguliwa na mtu mzima wa kumsemea, na kabla halijapokelewa analitaja kosa lake kwa kinywa chake, mbele ya wote waliokaa. Uliyaona hayo ukiwa mtoto, mzee wa jirani alipochoma zizi la Baba kwa uzembe. Alisimama kwenye mvua mpaka akamaliza kusema, ng'ombe kwa ng'ombe.

Mzee Hosea amekubali kukutangulia. Alisema, "Mimi nitamfungulia mlango. Maneno aje nayo mwenyewe."

Kuhusu Baba. Hajaambiwa, kwa sababu hakuna aliyekubali kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako. Mwezi uliopita alimwuliza Gladness ni ndege gani iliyomkata mkono. Gladness akasema, "Ya kule kule, babu." Baba akainua macho kwenye kalenda, akaitazama, akasema, "Kumbe zipo za namna nyingi." Gladness akatoka nje. Mimi nilibaki. Nilihesabu mibuni inayoonekana dirishani, kisha nikamwambia chai imepoa.

Baba atakuwepo kwenye kikao, kiti cha mbele. Kosa utalitaja akisikia. Ukishindwa kulitaja akisikia, isale halitapokelewa, na wazee wamesema kihamba hakitangoja mwaka 2001.

Gazeti limeniomba niandike habari hii mara mbili. Sijaandika. Chanzo ninacho kimoja, nacho sijakiona uso kwa uso kwa miaka ishirini na mitano.

Gladness amekubali kukaa. Nilimwuliza kama atasamehe. Hakujibu, nami sikuandika jibu ambalo hakulitoa. Akasema tu kwamba wewe ni mtu wa zamani wa huku, nikueleze mapema usije ukakasirika mbele za wazee: isale atalipokea kwa mkono wa kushoto. Usione ni dharau.

Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1999, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa Baba, Machame.

Elinipendo